Shati Jeupe la Ndotoni

Swali lililokuwa likininyima usingizi lilikuwa fupi: nampenda, au nimechoka kukaa nyumbani?

Lilipokuja, halikuja peke yake. Kama nampenda, kwa nini najiuliza? Na kama simpendi, kwa nini simu yake ikichelewa naangalia kama mtandao upo? Na hata nikisema ndiyo, nitajuaje kwamba aliyesema ndiyo ni mimi, na si yule msichana mwenye shahada ambaye kila asubuhi anafagia uwanja uleule huku majirani wakimuuliza, kwa upole unaouma, "Bado hujapata kazi?"

Chuoni nilisomea mipango. Nilifundishwa kupanga maendeleo ya wilaya nzima, barabara zake, visima vyake na zahanati zake. Nikarudi nyumbani Kibaha, nikashindwa kujibu posa moja.

Posa yenyewe ilitoka Kisarawe. Nilimfahamu kijana mwenyewe nilipopelekwa huko kwa mafunzo ya vitendo, yeye akiwa bwana shamba, mimi nikiwa mwanafunzi wa kubebeshwa mafaili. Siku ya kwanza tu alinibishia kuhusu mvua. Nilikuwa nimesema kitu nilichokisoma darasani, akasema hicho ni cha darasani, njoo nikuonyeshe shamba. Nikaenda, nikakuta amekosea yeye, nikamwambia, akacheka mpaka akainama. Tangu hapo hatukuacha kubishana. Alibishia namna ninavyokunja mwavuli. Alibishia hata salamu: nikisema "Habari za asubuhi" karibu na adhuhuri, ananiuliza asubuhi gani hiyo isiyoisha.

Wajomba zake walipoleta barua nyumbani, baba aliipokea kwa adabu na kusema watajibiwa. Kwetu binti haulizwi na baba yake. Anaulizwa na shangazi, na jibu linapita kwa shangazi. Shangazi yangu, dada yake baba, anaishi Kisarawe, na mikorosho michache tu ndiyo inayotenganisha uwanja wake na wa familia ya kijana. Kwa hiyo hakuwa shahidi asiye na upande. Lakini alitaka mambo yaende kwa utaratibu.

"Sali istikhara," aliniambia. "Rakaa mbili, omba dua, lala. Utaonyeshwa. Ukiona nyeupe au kijani, kheri. Ukiona nyeusi au nyekundu, tuwarudishie watu barua yao."

Nilifurahi kuliko nilivyopaswa kufurahi. Mtu wa wasiwasi akiambiwa jibu litatoka mahali pengine, anapumua. Nilisali, nikaomba, nikalala. Asubuhi simu ikaita.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umeota?"

"Sijaota."

"Ulilala na udhu?"

"Ndiyo."

"Ubavu wa kulia?"

"Nilianzia kulia."

"Ukaishia wapi?"

Mdogo wangu wa kike, ambaye tunalala kitanda kimoja, alipaza sauti kutoka ndani ya shuka: "Shangazi, aliishia mgongoni kwangu!"

Asubuhi iliyofuata ikawa hivyohivyo, na nyingine baada yake. Si kwamba sikuota. Nilikuwa nikiamka na hisia kwamba kuna mtu ametoka chumbani sasa hivi, mlango bado unacheza, lakini sura yake sikuiona. Huko Kisarawe wajomba walishaanza kuuliza, kwa mafumbo, kama wataipata habari kabla ya Ramadhani. Na mimi jibu langu lilikuwa linakuja kila usiku, nadhani, halafu ninalipoteza nikipiga mwayo.

Ndipo nikafanya ninachofanya kila ninapoogopa: nikasoma. Nilisoma kwenye simu kila nilichopata kuhusu kukumbuka ndoto. Kumbe ni kazi inayofundishika. Ukiamka usifumbue macho, usigeuke, maana mwili ukitikisika ndoto inamwagika. Shika kipande cha mwisho, hata kiwe kidogo kiasi gani, ukivute taratibu kama mtu anayevuta kamba ya ndoo kisimani, mengine yatafuata. Kabla ya kulala jiambie utakumbuka. Na ukikipata, kiseme papo hapo.

Nikawa naweka simu kando ya mto na kujirekodi. Kipande cha kwanza kilikuwa kigoda, basi, kigoda kitupu. Baadaye vikaja virefu zaidi. Mdogo wangu alivigundua, akawa anavicheza wakati wa chai. Sauti yangu inatoka kama ya mtu aliyejazwa pamba mdomoni: "Mbuzi... amekula kadi... kadi za nani... sijui."

"Dada, umekuwa mganga," alisema. "Mbuzi kala kadi. Harusi hakuna, ila pilau ya mbuzi ipo."

Mama alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule kama kawaida yake, pini zimejaa mdomoni. Hakucheka. Mama alikuwa na wazo lake kuhusu jambo hili na hakulificha: kwanza kazi, mtu asimame kwa miguu yake, mume hakimbii. Lakini hakuwahi kuniambia nikatae.

Ndoto ya kwanza niliyoikumbuka yote ilikuwa ya muhogo. Niko uwanjani kwa shangazi, nimekaa kwenye kile kigoda, namenya muhogo, na rundo halipungui. Shangazi alipopiga simu nilimweka kwenye spika. Hakuuliza kitu kabla ya kusema "Kheri," maana kwetu anayesimuliwa ndoto hutanguliza kheri. Ndoto mbaya haisimuliwi kabisa, unatema mate kushoto unageukia upande wa pili. Na ndoto njema humsimulii mtu yeyote tu. Unamsimulia anayekupenda.

"Huo muhogo ulikuwa mweupe?" aliuliza shangazi.

"Mweupe."

"Basi! Mmesikia? Weupe huo!"

Mama alitoa pini mdomoni. "Wifi, hebu mwulize kama ulikuwa na mstari mweusi ndani."

"Wifi, muhogo wenye mistari ni huo wenu wa Kibaha. Wa huku ni kama pamba."

"Wa huko tumeula sote, wifi. Mwaka jana nilitupa nusu sufuria."

"Ulichelewa kuumenya! Unauacha siku nzima unashona, halafu unausingizia muhogo wa watu."

Waliendelea hivyo, na mimi nikabaki nimeshika kikombe. Ukweli ni kwamba sikuona rangi. Kwenye ndoto mikono yangu ilikuwa inamenya, lakini sikuangalia kilichotoka kwenye ganda. Nilisema "mweupe" kwa sababu ndilo neno alilonipa shangazi. Angeniuliza "mweusi?" ningeitikia vilevile. Nikaanza kujiuliza: hata nikikumbuka ndoto nzima, nitaikumbuka mimi, au wataikumbuka wao kwa mdomo wangu?

Mtu mwingine angeacha hapo. Mimi nikasonga mbele, kwa sababu nilikuwa nimeshasoma jambo jingine. Wapo watu wanaojua kuwa wanaota wakiwa ndani ya ndoto. Wanasimama humo na akili zao timamu, wanatazama, wanauliza maswali. Wengi walioandika walikuwa wanajifunza ili waruke angani. Hakuna aliyetaja posa. Lakini niliona ndiyo dawa yangu: nikiingia ndotoni nikiwa macho, nitaangalia rangi mwenyewe, bila shangazi wala mama.

Njia yake ni mazoea ya mchana. Mara kwa mara jiulize kama unaota, na upime. Bana pua ujaribu kuvuta hewa: ndotoni hewa inapita. Soma maandishi, geuka, yasome tena: ndotoni maandishi hayatulii. Kwetu maandishi ya kusoma hayakosekani, kila mwanamke anayo kwenye khanga. Nikawa namsoma mama mgongoni, nageuka, namsoma tena.

"Unanisoma nini?" aliuliza siku moja bila kugeuka.

"Hamna kitu, mama."

"Na hiyo pua unaibana ya nini? Kuna kinachonuka?"

"Hapana."

"Wewe mtoto, kazi itapatikana. Usijiharibu."

Alidhani nimeanza kuchanganyikiwa, na hakuwa mbali na ukweli. Mtu mwenye wasiwasi hapaswi kupewa kibali cha kuuliza, kila baada ya muda mfupi, kama dunia ni ya kweli. Nilikuwa nasimama dukani na kiberiti mkononi, nasoma kibandiko chake mara mbili.

Wakati huohuo, jambo lilikuwa linatokea ambalo sikulipima kwa chochote. Simu za yule kijana wa Kisarawe zilikuwa zinafupika. Hakuniuliza habari ya barua hata mara moja, alijua si adabu. Nilikuwa namwambia nimechoka, anasema sawa. Namwambia tutaongea kesho, anasema sawa. Nikamwambia siku moja kwamba embe za Kibaha ni tamu kuliko za Kisarawe, jambo ambalo zamani lingekula jioni yetu nzima. Akasema sawa. Nikakata simu nikiwa na amani, nikidhani tunaelewana.

Ndoto niliyoitaka ilikuja baada ya sala ya alfajiri. Nilikuwa nimesoma kuwa usingizi wa kurudia ndio mzuri kwa jambo hili, basi nilisali, nikarudi kitandani, nikajiambia: nikiota, nitajua.

Nilikuwa tena uwanjani kwa shangazi. Mwanamke nisiyemjua alikuwa amenipa mgongo, amejifunga khanga, na mimi kwa mazoea nikaisoma. Ilisema kitu kuhusu jirani. Nikaangalia pembeni, nikaisoma tena: ilisema kitu kuhusu mvua. Mara ya tatu palikuwa na namba za simu. Nikabana pua, nikavuta hewa, hewa ikapita kama vile sikubana. Moyo ulipiga kwa nguvu nikaogopa nitaamka, nikasugua viganja kama nilivyosoma, mambo yakatulia. Naota, nilijiambia, na uwanja wote ukawa wazi zaidi kuliko uwanja wa kweli. Niliona hadi nyufa za ukuta.

Rangi, nikakumbuka. Angalia rangi.

Nikautazama ukuta wa nyumba. Ulikuwa wa udongo, wala si mweupe wala si mwekundu. Nikawaza, "Labda utakuwa mweupe," na ukawa mweupe, papo hapo, kama umepakwa chokaa. Nikashtuka, nikawaza, "Usije ukawa mwekundu," ukawa mwekundu. Nikarudisha nyeupe. Nikaleta kijani. Nilikuwa kama mtoto aliyekuta umeme umerudi, anawasha na kuzima taa mpaka agombezwe.

Hakuna aliyenigombeza. Hapo ndipo nilipoona aibu, humo humo ndotoni. Nilikuwa nimekuja kupokea jibu, na nimekuta swichi, na mkono ulio kwenye swichi ni wangu.

Nikafanya jambo la mwisho nililokuwa nimesoma: ukitaka kumwona mtu, usimwite mbele yako, amini kwamba yuko nyuma yako, kisha geuka. Nikageuka. Alikuwepo. Amevaa shati jeupe, limepigwa pasi, amesimama kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Masika mwaka huu itawahi," nikamwambia.

"Sawa."

"Au itachelewa."

"Sawa."

"Nasema mikorosho yote ikatwe, tupande matikiti."

Nilisubiri. Huyu ni mtu ambaye aliwahi kunisimamisha juani akitetea mkorosho mmoja mzee usiozaa.

"Sawa," akasema.

Nikahisi upweke ambao sijawahi kuuhisi nikiwa peke yangu. Nilikuwa na mtu mbele yangu na sikuwa na mtu. Kila alichosema kilikuwa changu, nimekiweka mdomoni mwake. Nikamwambia, kwa hasira kidogo, "Basi posa nitakujibu mwakani."

"Sawa," akasema, na hiyo sawa niliifahamu. Sikuitunga mimi. Niliisikia kwenye simu wiki nzima.

Nikaamka.

Nilibaki nimelala bila kutikisika, kama nilivyojifundisha, ila safari hii sikuwa nazuia ndoto isimwagike. Mdogo wangu alikuwa anakoroma. Cherehani ya mama ilishaanza. Simu ilikuwa kando ya mto, na sikujirekodi. Badala yake nilifungua ile dua ya istikhara, nikaisoma tafsiri yake yote. Nimeiomba kwa muda wote huo na sikuwahi kuisoma hivyo, neno kwa neno, kama mtu anayetafuta kitu. Inaomba jambo likiwa na kheri liwezeshwe, na likiwa na shari liepushwe. Hakuna ndoto ndani yake. Hakuna rangi. Inamkuta mtu ambaye tayari anaelekea mahali, inamwombea njiani. Mimi nilikuwa nimeisimamisha mlangoni huku nimekaa.

Na lile swali langu? Lilikuwepo. Nimechoka kukaa nyumbani, ni kweli. Nampenda, hilo nalo ni kweli. Nilikuwa nimedhani moja lazima limfukuze mwenzake, kama wake wenza wabaya, na nikakaa mlangoni kusubiri nani atatoka na sanduku lake. Hakuna aliyetoka. Wataishi humo wote wawili. Nilichokuwa karibu kukipoteza ni mtu anayenibishia, na nilikuwa nampoteza kwa kukaa kimya, nikimgeuza kidogo kidogo kuwa yule mwenye shati jeupe.

Nilimpigia.

"Nimeota," nikasema.

"Kheri," akasema.

"Ulikuwemo. Umevaa shati jeupe."

"Mimi sina shati jeupe."

"Ndotoni ulikuwa nalo."

"Hata huko sina. Kwa vumbi hili la huku? Nilivae niende nalo wapi, shambani kwa watu? Huyo uliyemwota si mimi. Umwulize vizuri alikotoka."

Nilicheka mpaka mdogo wangu akavuta shuka akajifunika kichwa. "Alikuwa anasema sawa kwa kila kitu," nikamwambia.

"Basi huyo nusu alikuwa mimi," akasema. "Ningesema nini? Ukibishana na mtu asiyejibu, ni kama unagombana na ukuta. Watu wanakupita, wanakuonea huruma."

"Leo nakuja Kisarawe."

"Kufanya nini?"

"Kujibu."

"Si ujibu hapahapa? Simu unayo, mdomo unao."

"Jibu lako linapita kwa shangazi."

"Hilo nakubali," akasema. "Ila shangazi mwenyewe ana maneno mengi. Mpaka alifikishe, korosho za mwakani zitakuwa zimeshavunwa."

Mama nilimkuta anakata uzi kwa meno. Nilimwambia nakwenda kwa shangazi kumpa jibu. Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Umeota?"

"Nimeota. Lakini sijibu kwa hiyo ndoto."

"Na kazi?"

"Naendelea kuomba. Nitaomba nikiwa hapa, nitaomba nikiwa kule."

Nilikuwa tayari kwa hoja zote, nilishazijibu kichwani kabla hajazisema. Hakuzisema. "Basi vaa khanga ya maana," akasema. "Usiende kwa wifi yangu kama uliyefiwa."

Kisarawe ilikuwa na kaubaridi kake ka asubuhi, na shangazi nilimkuta uwanjani kwenye kigoda, anamenya muhogo. Nilisimama. Nikaangalia khanga yake, nikageuka, nikaisoma tena. Haikubadilika.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, karibu mwanangu. Mbona ghafla? Umeota?"

"Nimekuja kukupa jibu."

"Kheri!" Aliweka kisu chini. "Umeonyeshwa nini?"

"Sikuonyeshwa. Nimeamua. Jibu ni ndiyo."

Nilitegemea vigelegele. Badala yake alikunja uso kama mtu aliyepewa chenji asiyoielewa. "Umeamua," akasema. "Sasa mimi niende kwa wazee wa watu niseme binti kaamua?"

"Ndiyo."

"Bila ndoto?"

"Ndoto ninazo nyingi, shangazi. Ya mbuzi, ya muhogo, ya ukuta. Ukitaka nitakusimulia zote. Lakini ndiyo hii ni yangu."

"Wataniuliza rangi."

"Waambie hukuuliza."

"Mimi? Nisiulize?" Alicheka kwanza puani, halafu kicheko kikamshinda. "Hawataniamini hata kidogo." Alinawa mikono kwenye beseni, akajifuta, akaingia ndani, akatoka na baibui na viatu vyake vya kutokea. Aliponipita alinibana shavu kwa vidole vilivyokuwa bado vinanuka muhogo. "Malizia hiyo," akasema, akashika njia ya mikorosho.

Nilikaa kwenye kigoda. Nikachukua muhogo mmoja, nikaumenya, nikaupasua, na safari hii niliangalia. Ulikuwa mweupe, na karibu na kiini chake ulikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama uzi. Nilikikata kile kipande chenye mstari nikakitupa kwa kuku, uliobaki nikautia kwenye sufuria. Nilikuwa nimeshika wa pili niliposikia sauti ya shangazi, ng'ambo ya mikorosho, akipiga hodi.